Barua ya wazi kwa wakubwa wa malikale na elimu: mnatuhadithia watumwa waliopita Bagamoyo, waliobaki je?

Shikamooni wakubwa zangu.

Nyie mnaosimamia malikale, nyie mnaoandaa mitaala ya historia, na nyie mnaokaa kwenye vikao vya mji wetu mkaamua kibao gani kichomekwe wapi na kiandikwe nini, hii barua ni yenu wote kwa pamoja. Ningeileta ofisini kwa mkono lakini nimeshazunguka sana, huku unaambiwa nenda kule, kule unaambiwa mhusika yuko safari, kwa hiyo nimeona bora niiweke hadharani, asiyeisoma yeye atasomewa na mwenzake.

Mimi natembeza wageni hapa Bagamoyo, mwaka wa 11 huu. Nimesoma mpaka fomu foo, historia nyingine nimeipata kwa wazee, kwa vitabu vya kuazima, na kwa kuulizwa maswali nikashindwa kujibu nikarudi nyumbani kutafuta. Kuna jambo moja linanikaa kooni muda mrefu na leo nataka nilitoe.

Naanza na mnyororo. Pale misheni ya Wakatoliki kuna mbuyu mkubwa sana, na chini kwenye shina kuna kipande cha mnyororo kimetokeza. Mti umekua ukaumeza, kilichobaki nje ni chuma kidogo chenye kutu, ukikigusa kidole kinabaki na rangi ya kahawia. Wageni wakikiona tu swali ni lilelile, hapa ndo walikuwa wanafungwa watumwa? Na mimi miaka yangu ya mwanzo nilikuwa naitikia, ndio, hapahapa. Naona sura zinabadilika, mama mmoja aliwahi kuinama akakibusu kile chuma, tukimaliza mzunguko bakhshishi inakuwa nene. Mpaka siku moja mzee mmoja aliyekulia mitaa ya misheni akanivuta pembeni akaniambia mwanangu usiwadanganye wageni wa watu, ule mnyororo uliwekwa na Madame Chevalier, mama wa Kizungu aliyekuwa anahudumia wagonjwa, alikuwa anafungia punda wake.

Punda. Nilirudi nyumbani sikula. Nilimfikiria yule mama aliyebusu.

Nimekaa na ile aibu mpaka nikaelewa kwa nini uongo ule ulikuwa mtamu kwangu na kwa wageni. Ukimwonyesha mtu mnyororo umemwonyesha mtumwa wa siku moja tu, kaletwa, kafungwa, kapandishwa jahazi, kaenda Unguja, basi. Hadithi imeisha ufukweni. Mgeni anageuka anapiga picha ya bahari na majahazi, na nyuma yake mjini wapo vitukuu vya watu walioletwa kwa njia ileile na hawakupandishwa jahazi lolote, wanakaanga samaki, wanaendesha bodaboda, wanafundisha shule, na hakuna anayegeuka kuwaangalia. Hilo ndo jambo langu wakubwa. Mmetusimulia waliopita. Waliobaki hamjawahi kuwasimulia, wala kwenye vibao, wala kwenye vitabu vya watoto wetu, na sisi wenyewe majumbani tumenyamaza.

Sasa niwaambie ukimya huo unafanana vipi ukiuona kwa karibu.

Mwaka jana mdogo wangu alitaka kuoa. Kijana ana kazi, anaswali, hana ugomvi na mtu. Tukatuma washenga, barua ya posa ikapokelewa vizuri na hela ya kufungulia barua ikapokelewa, tukaanza hata kuulizana habari ya sare. Baada ya siku kama kumi barua ikarudi na kila kitu ndani yake, hela haijapungua hata senti. Hawakutoa sababu, ila mji huu ni mdogo, sababu ikatufikia kwa mlango wa uani: bibi mmoja wa upande wa binti amesema wale kwa mama yao ni wazalia.

Nilikwenda kumwambia mama nikiwa nimepandwa na hasira, nilitegemea akasirike na yeye, aseme ni uzushi, tuwaendee. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Hakuinua uso. Aliendelea kutoa vijiwe kimoja kimoja anaviweka pembeni ya ungo, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Wamejuaje?"

Miaka yote hiyo mama alikuwa anajua.

Usiku ule ndo akasimulia. Bibi yake yeye, mzaa mama yake, aliletwa kutoka Manyema akiwa mtoto, huko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ambako leo ni Kongo. Alitembea. Alinunuliwa hapa mrima, yaani pwani yetu hii, akawekwa kwenye nyumba ya watu, mchana analima kwenye shamba la minazi na mtama wao, usiku anatwanga. Akapewa jina jipya. Jina alilopewa na mama yake aliyemzaa hakuna hata mmoja kwenye ukoo wetu anayelijua, na mama anasema alikuwa akiulizwa anasema nimeliacha njiani. Bibi yangu mimi, ambaye nimekula ubwabwa mikononi mwake, ambaye alikuwa akinikuna mgongo mpaka nalala, huyo ni mtoto wa mwanamke ambaye siku anajifungua alikuwa bado mtumwa kwa mujibu wa sheria. Sizungumzii habari za enzi za Kaole, yale magofu ya kale hapa jirani, karne ya 13 jamani. Nazungumzia mtu ambaye mkono wake naukumbuka.

Neno mzalia kwa vijana wasiolijua maana yake ni mtumwa aliyezaliwa hukuhuku pwani, ili atofautishwe na yule aliyeletwa juzi toka bara. Na aliyeletwa juzi alikuwa anaitwa mshenzi. Hilo mnalijua, watoto wanatukanana nalo kila siku uwanjani na mwalimu anawachapa kwa sababu ni tusi, lakini hakuna anayewaambia kwamba asili yake lilikuwa neno la kumtaja mtu wa bara, mtu wa kununulika. Na upande wa pili akasimama muungwana, ambaye leo tunasema ni mtu mwenye adabu zake, ila zamani muungwana alikuwa ni mtu huru tu, asiye mtumwa. Kwa hiyo kila tukimsifu mtu kwamba ana uungwana tunamsifu kwa kutokuwa mtumwa. Lugha yetu imetunza kumbukumbu kuliko makumbusho yoyote mliyojenga, ila haijawekewa kibao.

Kibarua je? Neno hili nalipenda na linaniuma. Kibarua ni barua ndogo. Kwenye miji ya pwani na Unguja karne ya 19 mwenye watumwa alikuwa anamtoa mtumwa wake akafanye kazi ya siku kwa mtu mwingine, kubeba mizigo bandarini, kuchambua sandarusi, ile gundi ya miti, kusaidia kwenye ujenzi, na mfanyakazi anapewa kikaratasi cha kudaia ujira, ndo kibarua chenyewe. Akishalipwa, sehemu kubwa inakwenda kwa bwana wake. Jina la karatasi likahamia kwa mtu. Leo asubuhi nenda stendi, nenda kwenye saiti yoyote ya ujenzi hapa Bagamoyo, utasikia vijana wanasema nimepata kibarua, kibarua kimeota nyasi, na hakuna anayejua kwamba ametamka jina la kikaratasi cha mtumwa. Hata posho ambayo ofisini kwenu inaandikiwa fomu na kusainiwa, ni neno la misafara, ndo chakula cha siku alichogawiwa mpagazi ili aweze kuamka kesho abebe tena.

Haya mambo mtoto wa darasa la tano anayaelewa, maana hayahitaji ramani wala projekta, yako mdomoni mwake tayari. Sasa hivi mna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linafundishwa kwa Kiswahili, mimi nililifurahia sana hilo. Basi humo ndo mahali pake. Mwalimu aanze na neno kibarua ubaoni awaulize watoto, mtaona darasa litakavyochangamka.

Nije kwenye miaka sasa, maana hapa ndo naona panachezewa zaidi.

Kote unakopita unasoma mwaka 1873. Ni kweli, Juni 1873 Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alisaini mkataba na Waingereza, soko la watumwa la Mkunazini kule Unguja likafungwa na kusafirisha watumwa kwa bahari kukapigwa marufuku. Wageni wengi wanaondoka hapa wanaamini utumwa uliisha siku hiyo. Lakini ule mkataba ulifunga soko na bahari, haukumwachia huru mtu aliyekuwa tayari analima shambani kwa bwana wake. Tena kwa upande wetu wa mrima mambo yaligeuka kwa namna ambayo haisemwi: bahari ikawa inadoriwa, kwa hiyo watu walioendelea kuletwa kutoka bara wengi wakabaki hukuhuku, mashamba ya miwa kando ya mto Pangani yakawajaza, mashamba ya minazi na nafaka huku kwetu pia. Yaani ule mwaka mnaousherehekea kama mwisho, kwa watu kama bibi yake mama ndo ulikuwa mwanzo wa kubakishwa.

Halafu wakaja Wajerumani. Kwao walitangaza kwamba wanakuja kupambana na biashara ya watumwa, wakapigana na Abushiri bin Salim aliyewaongoza watu wa pwani kuwapinga, na tarehe 15 Desemba 1889 wakamnyonga Pangani. Watu wengine wamenyongwa hapahapa Bagamoyo na kuna alama ya kukumbuka. Wakaweka makao yao makuu hapa kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Lakini utumwa hawakuufuta. Walichoweka ni utaratibu wa mtu kukombolewa au kujinunua na kupewa hati ya uhuru, na baadaye wakasema watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 watahesabiwa huru. Mama yake mtoto anabaki mali ya mtu, mtoto aliyemgongoni yuko huru. Fikirieni nyumba ya namna hiyo.

Unguja na Pemba sheria ya kuufuta ilitoka 1897. Huku Tanganyika ni mwaka 1922, chini ya Waingereza. 1922! Nimewauliza vijana wenzangu tunaotembeza wageni, tukiwa saba kijiweni, ni mmoja tu aliyewahi kuusikia huo mwaka. Na mimi nausoma mara ya kwanza nilidhani kitabu kimekosewa chapa. Mwalimu Nyerere alizaliwa Aprili mwaka huohuo 1922. Umri wa Baba wa Taifa letu ndo umri wa kufutwa kwa utumwa kisheria Tanganyika, na hamjauandika popote ninapopita na wageni wangu.

Naomba niseme na hili ingawa najua wenzangu wa biashara ya utalii litawaudhi. Tuache kuikuza Bagamoyo kwa idadi za kubuni. Nasikia watu wanasema mamilioni walipakiwa kwenye huu ufukwe. Bandari kubwa ya kutoa watumwa kwenda Unguja ilikuwa Kilwa Kivinje, hesabu za forodha za huko kwa miaka mitano tu, 1862 mpaka 1867, zinafika watu karibu 97,000. Bagamoyo ilikuwa zaidi ni mji wa pembe za ndovu na wapagazi. Watu waliuzwa hapa, hilo halina mjadala, mimi mwenyewe ni ushahidi unaotembea, ila wengi sana walioingia mji huu na mzigo kichwani walikuwa Wanyamwezi waliokuja kwa ujira, mzigo wa frasila mbili hivi, kilo kama 32, kutoka Tabora na wengine mpaka Ujiji, njia ya kilomita zaidi ya 1,000. Walikuwa wanajadiliana malipo, na wakionewa walikuwa wanagoma au wanatua mzigo wanaondoka. Kuwaweka wote kapu moja na watumwa tunawadhulumu hao, na tunawadhulumu watumwa wenyewe ambao hawakuwa na uwezo wa kutua mzigo wakaondoka.

Ndo maana hata kwenye jina la mji nakereka tukichagua maana moja. Bwaga moyo. Wengine wanasema ni mtumwa anasema hapa nauacha moyo wangu. Wengine wanasema ni mpagazi, kafika pwani, anashusha mzigo, moyo unatulia, na misheni walishaandika tangu zamani kwamba wapagazi waliuimba mji huu kwa furaha, mji wa minazi. Mimi naona hiyo ya wapagazi ina mashiko zaidi. Lakini wageni wanataka ya machozi tu na sisi tunawapa. Mgeni apewe zote mbili, ni mtu mzima ataelewa kwamba barabara moja ilibeba watu wa aina mbili.

Na kuhusu nani alaumiwe. Hapa naomba ujasiri wenu. Kwenye maelezo mengi ukisoma unakuta Mwarabu ndo mbaya na Mzungu ndo mkombozi, imeisha hiyo. Kwa mji kama wetu ambao Waislamu na Wakristo tunazikana na kupikiana iftari hiyo hadithi ni hatari, na tena ni nusu. Biashara ilikuwa na wafadhili wa Kihindi walioko Unguja, ilikuwa na Waswahili wa pwani waliokuwa wanaongoza misafara, ilikuwa na machifu wa bara waliouza mateka wa vita na hata watu wao. Mfaransa mmoja anaitwa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa mwaka 1776 apewe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya Wafaransa kwenye visiwa vya Bahari ya Hindi. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yakahitaji watu. Pembe zikaenda mpaka Marekani kwenye viwanda vya Connecticut kutengenezewa vibonye vya piano. Na ile nguo ya merikani ambayo bibi zetu walijifunga, jina lenyewe linajieleza, ilifumwa Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa weusi kusini mwa Marekani, ikaja kwa meli mpaka Unguja, ikavuka kuja hapa, ikapanda bara kununulia pembe na watu. Mtumwa wa kule alichuma pamba ikanunua mtumwa wa huku. Nikimweleza hivyo Mmarekani mweusi akiwa amesimama pale Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara, huwa hatupigi picha kwa dakika nyingi.

Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuja 1868 wakawanunua watoto na watu wazima wakawakomboa, wakawajengea kijiji. Walitenda jambo kubwa, siwavunjii heshima. Lakini waliokombolewa nao walikuwa watu, walikuwa na ratiba kali ya kusali na kusoma na kulima, wapo waliotoroka, wapo waliooana wakazaa na kizazi chao kipo. Mbona tunajua majina ya mapadri tu?

Ni kama habari ya Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kizungu. Februari 1874 mwili wake ulifikishwa hapa, na ule mnara wa kanisa la zamani unaitwa kwa jina lake. Waliombeba kwa karibu miezi tisa tangu ndani kabisa ya Zambia ya leo ni watumishi wake Susi na Chuma na wenzao wengi. Chuma alikuwa mtoto wa Kiyao aliyefunguliwa kwenye msafara wa watumwa mwaka 1861. Jacob Wainwright aliyekuwa anajua kusoma na kuandika naye ni Myao, alikombolewa utumwani akasomeshwa India. Watu waliowahi kutekwa na kuuzwa walimbeba mgeni wao mpaka baharini ili akazikwe kwao, na wao kwao hawakuwahi kurudishwa na mtu. Nikifika hapo kwenye mzunguko sauti yangu huwa inakatika, mpaka leo sijazoea.

Sasa ninachoomba.

Vibao viandikwe Kiswahili kwanza, herufi kubwa, siyo mistari miwili chini ya Kiingereza kama maelezo ya dawa. Kuna kibao kimoja nakipita kila siku jua limekifuta, yamebaki maneno mawili na tarehe. Kwenye kibao kipya mwaka 1922 uwepo. Yawepo majina ya wapagazi na waliokombolewa yale yanayojulikana, na pale ambapo jina halijulikani kiandikwe kwamba mtu huyu alikuwa na jina.

Wazee warekodiwe. Hili haliwezi kusubiri bajeti ya mwaka ujao. Mama yangu amesimulia kwa sababu barua ya posa imerudi, isingerudi angekufa nayo. Wapo wa namna yake Dunda, Magomeni, Kaole, huko Saadani na Pangani, Tanga mjini, wana miaka 70, 80, walilelewa na watu walioletwa. Simu ya kawaida inatosha na kijana mwenye adabu wa kukaa nao mkekani bila haraka. Wasilazimishwe. Asiyetaka jina lake litajwe lisitajwe. Mimi na wenzangu wawili tumeshaanza kwa nguvu zetu, tuna sauti za wazee wanne kwenye simu ambayo kioo kimepasuka, na nina wasiwasi kila ikizima.

Walimu wasaidiwe namna ya kufundisha jambo hili bila mtoto kuonyeshwa kidole darasani, maana wapo watoto wenye majina na sura na mitaa ambayo wenzao wakishajua watawatania. Njia ni kufundisha kwamba aibu ni ya biashara ile na walioifanya, aliyetekwa akiwa na miaka saba hana aibu ya kubeba. Masheikh na mapadri waombwe waseme hivyo hivyo, hasa wanapofungisha ndoa.

Na ile njia ya kati toka Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara mpaka Ujiji, mliipeleka kwenye orodha ya awali ya UNESCO ya kuombea urithi wa dunia tangu mwaka 2006. Tunaomba mtuambie imefikia wapi. Mkituita kwenye mkutano wa hadhara tutakuja na viti vyetu. Msije na filimbi na fulana tu, mje na majibu.

Kwa upande wetu tunaotembeza wageni, tupeni semina na maelezo ya pamoja yaliyohakikiwa, yachapwe, kila mmoja awe nayo, anayebuni hadithi aonywe. Mimi nitakuwa wa kwanza kusaini.

Mdogo wangu hajaoa bado. Yule binti aliendelea kumpigia simu kwa siri mpaka mwezi uliopita, na juzi nimesikia kaka yake mkubwa ameanza kuuliza uliza kwa wazee wao kwamba hivi na sisi kwetu hasa asili ni wapi. Mama ameniambia wakija waulize kwake, atawasimulia yote bila kuficha, hata neno lenyewe atalitamka.

Jumamosi huwa natoka saa moja asubuhi, naanzia Caravan Serai, napita mji mkongwe, forodha ya Wajerumani, namalizia kwenye mbuyu wa misheni. Mkubwa yeyote kati yenu akija sitamtoza hata shilingi, aje amevaa viatu vya kutembea tu. Tukifika kwenye ule mnyororo nitamwambia habari ya punda, halafu kama ana muda nitampeleka nyumbani kwa mama.

Wenu,
mtembeza wageni, kitukuu cha aliyebaki,
Dunda, Bagamoyo.